Sauti Nyuma ya Boila

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa alama nyeusi kwenye foronya. Ilikuwa ndogo, ya mviringo, ukubwa wa dole gumba la mtu mzima, na ilikaa kwenye ukingo, pale mtu anaposhika foronya akitaka kuiinua. Foronya yenyewe ilikuwa imetoka kufuliwa na kukaushwa, bado ina joto. Nilitazama vidole vyangu. Vilikuwa safi. Nikairudisha kwenye maji bila kumwambia mtu.

Kesho yake alama zilikuwa kwenye mashuka, tena si moja.

"Nani ananishikia nguo na mikono ya makaa?" Peninah aliuliza.

Peninah ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale londri ya hospitali. Alikuwa mama wa kanisa, mzaliwa wa Meru, mwenye sauti ya kufika getini bila kuinuliwa. Tulikuwa watatu: yeye, Makandi na mimi. Makandi alikuwa mjamzito, tumbo limefika pale pa kumzuia kuona miguu yake, lakini ndiye aliyekuwa anacheka kutushinda wote. Mimi nilikuwa mgeni. Nilitoka Siakago, kule Mbeere chini kwenye joto, na Kiswahili changu kilikuwa kile cha darasa la sita, nilipoachia masomo. Kwa hivyo nilikitumia kidogo kidogo.

"Usiniangalie mimi," Makandi alisema, akionyesha viganja vyake. "Muulize Igoki."

"Igoki nimuulize nini? Huyo maneno anayapima kwa mizani kama muuza miraa. Ukimuuliza leo atakujibu Krismasi."

Walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa ndani.

Hospitali hiyo iko juu ya mji wa Meru, upande wa msitu, na mwezi wa saba ukungu hushuka hapo ukakaa mpaka watu wanasahau jua lilikuwa upande gani. Sisi wa Mbeere hatujui baridi ya namna hiyo. Inaingia kwenye vifundo vya vidole, na ukigusa nguo yenye maji unahisi kama umekatwa. Ndiyo maana mwezi ule tulihamisha meza ya kukunjia nguo, tukaipeleka chumba cha pili, chumba cha boila. Ni mlango mmoja tu uliotenganisha vyumba hivyo viwili.

Boila ndiyo iliyopasha maji ya hospitali nzima: ya wodi, ya jikoni, ya mashine zetu za kufulia. Ilikuwa pipa kubwa la chuma lililolala kwa ubavu, refu kupita kitanda, limevishwa koti la bati, na mbele likawa na mdomo. Wakati nilipoanza kazi niliiogopa. Iliwaka yenyewe na kuzima yenyewe, hakuna mtu aliyeigusa. Unaweza kuwa umeinama, unatafuta pembe ya shuka, halafu nyuma yako kitu kinavuta pumzi ndefu, kinakohoa mara moja, kisha kinaanza kunguruma.

Kiogora, fundi wake, aliona ninaruka kila inapowaka. Siku moja akaniita.

"Igoki, kuja uone. Huyu Mzee ukimjua hatakutisha."

Alikuwa anaiita Mzee kwa sababu ya kile kikohozi. Alisukuma kando kifuniko kidogo cha chuma, na chini yake kulikuwa na kioo kizito cha mviringo. Nikaweka jicho. Ndani kulikuwa giza.

"Sikiza. Hiyo pumzi ya kwanza ni feni. Anafagia nyumba kwanza, moshi wa zamani utoke. Sasa mafuta yanapulizwa, membamba kama huo ukungu wa nje. Halafu cheche. Umeona?"

Moto ulijaa kwenye kioo. Ulikuwa wa manjano inayokaribia nyeupe, umetulia, hauna ulimi wala moshi. Nilidhani moto wa namna hiyo ungepiga kelele, kumbe kelele yote ilikuwa ya feni.

"Na hili ni jicho lake," Kiogora alisema, akigusa kitu kidogo kama kifuniko cha soda kando ya mdomo. "Linatazama moto saa zote. Likikosa kuuona, linafunga mafuta. Mzee hawezi kumwaga dizeli gizani."

"Maji hayachemki?" niliuliza. Hilo lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumuuliza mtu pale kazini.

"Hayachemki. Hatutaki mvuke hapa, tunataka maji moto tu. Moto unapita kwenye mabomba yaliyozama ndani ya maji, maji yanachukua joto, moshi unaenda zake kwa chimni. Hii geji ikifika hapa, analala. Watu wakioga, maji baridi yakirudi, anaamka." Alirudisha kifuniko. "Anakula vitu vitatu tu. Mafuta, umeme na hewa. Mafuta yakiisha wakubwa wanapigiana simu. Umeme ukipotea kila mtu analia. Hewa hakuna anayeikumbuka, kwa sababu hainunuliwi."

Tangu siku hiyo sikuruka tena. Nikipata nafasi nilikuwa nachungulia kwenye kioo. Nilipenda hasa lile jicho, kwamba kuna kitu ambacho kazi yake ni kutazama tu, na hakuna anayekilazimisha kuongea.

Kisha mama yake Kiogora akaugua, naye akaenda kwao Tigania kumuuguza. Boila ikaachiwa mtu wa jenereta, ambaye alikuwa akija asubuhi, anasoma geji, anapiga bati makofi mawili kama mtu anayeaga ng'ombe, anaenda zake.

Baridi nayo ilizidi. Katika ukuta wa chumba cha boila kulikuwa na tundu kubwa lenye vyuma vilivyolala, wazi mchana na usiku, na upepo wa msituni ulikuwa unapita hapo ukija moja kwa moja mpaka migongoni kwetu. Peninah alitafuta gunia la viazi, akalikunja, akalisukuma pale kwa mpini wa ufagio mpaka likakaa sawasawa. Tukampongeza. Chumba kikawa na joto kama jikoni kwa mama. Siku hizo hizo ndipo alama nyeusi zilipoanza.

Katika joto hilo ndipo mambo yakaanza kutupata.

Kwanza kichwa kilianza kuniuma, kama kitambaa kimefungwa kwenye paji la uso na mtu anakaza fundo polepole. Peninah naye alilalamika, akasema ni mafua ya Julai. Makandi akawa analala akiwa amesimama, kidevu juu ya rundo la taulo. Halafu siku moja aligeuka ghafla.

"Mama Peninah, mbona unanivuta aproni?"

Peninah alikuwa upande wa pili wa meza. "Mimi niko huku. Ni huyo wa tumboni, anadai chai."

Makandi alicheka, lakini alisogea karibu nami.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Peninah. Alikuwa ameshika shuka kwa ncha mbili, ameinua mikono, halafu akabaki hivyo, anatazama kona ya nyuma ya boila.

"Yule mgonjwa ameingia huku kufanya nini?" aliuliza.

Hakukuwa na mgonjwa. Kulikuwa na ndoo, na bomba lililovishwa matambara. Peninah aliweka shuka chini polepole. Uso wake ulikuwa mwekundu, kama wa mtu aliyetoka kuinamia sufuria. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Alichukua mashuka yenye alama, akayatandaza mezani moja baada ya lingine, akaweka dole gumba lake juu ya kila alama. Lilienea.

"Hizi ni alama za mtu anayetafuta," alisema kwa sauti ambayo sikuwa naijua. "Tunafua mashuka ya watu waliofia humu. Tunayakunja, tunayarudisha, mwingine analala. Nani alituambia wale wa kwanza wameondoka wote? Kuna mmoja anatafuta shuka lake."

Makandi alishika tumbo kwa mikono miwili. Mwenzetu huyo alikuwa amewahi kupoteza mimba mbili kabla ya hii. Alikuwa ametuambia mwenyewe, kwa ule ucheko wake, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Sasa alikuwa hacheki. Alisema, "Mama, nisishikwe mimi. Mwambie asinishike mimi."

Nami nikaitwa.

Nilikuwa peke yangu pale mezani, wenzangu wameenda kuanika. Boila ilikuwa inanguruma, na ndani ya ngurumo hiyo, upande wa nyuma, mtu akasema: "Maitu."

Hapa lazima nieleze. Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, mama wa baba. Nyanya yangu alikuwa Igoki, kwa hivyo mimi ni Igoki, na kwa baba mimi nilikuwa mama yake amerudi mdogo. Baba, Njeru, hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. Wageni wakija kununua mbuzi alikuwa anawaambia, "Ngojeni kwanza nimuulize mama yangu," halafu ananiinamia, mimi nikiwa wa kufika kiunoni mwake, nami namnong'oneza bei. Ni yeye tu aliyewahi kuniita hivyo. Alipougua nikaacha shule nikae naye, kwa sababu mama alikuwa shambani kwenye ndengu. Siku yake ya mwisho kulikuwa na upepo wa vumbi. Aliinua mkono kuelekea mlangoni, akasema, "Maitu, vinga," na kikohozi kikamkata hapo. Vinga kwetu ni funga. Nikafunga mlango. Alinitazama kama mtu anayetaka kuongeza kitu, halafu akaugeukia ukuta, na kabla chai haijachemka alikuwa ameondoka.

Sasa sauti ilikuwa ile ile, kavu, ya mtu wa tumbaku. "Maitu."

Nyanya alinifundisha kwamba ukiitwa na mtu usiyemwona uso, nyamaza. Ukiitika umempa mkono. Kwa hivyo sikuitika. Nilisimama na shuka kifuani, na machozi yalikuwa yanashuka yenyewe, na siwezi kusema yalikuwa ya woga. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kuwa mama wa mtu yeyote.

"Maitu, vinga..."

Halafu boila ikazima, na sauti ikazimika nayo.

Nikagundua kwamba ilikuja hivyo kila mara. Boila ikiwaka kidogo, hakuna kitu. Ikiwaka sana, pale wodi zote zinapotaka maji na chumba kikijaa joto mpaka madirisha yanatiririka, kichwa kinakaza, na baba anaita. Kila mara alifika neno lile lile na kila mara likakatika. Nikaanza kukaa karibu na nyuma ya boila. Nikawa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Nilitaka amalize. Nilichungulia pia kwenye kioo, nikaona moto umebadilika. Ulikuwa mwekundu wa udongo, mzito, unayumba, ncha zake nyeusi zinalamba kioo. Nilifikiri labda ndivyo moto unavyokuwa fundi wake akiwa safarini.

Ijumaa, tulipokuwa tunakunywa uji, Makandi aliniuliza.

"Na wewe, Igoki? Mimi nimevutwa, Mama Peninah ameona mtu. Wewe umeona nini?"

"Sijaona."

"Basi?"

"Nimesikia."

Peninah aliweka kikombe chini. "Umesikia nini? Sema, msichana. Leo si Krismasi lakini sema."

Sikuweza kuwaambia kuhusu Maitu. Hilo lilikuwa langu. Nikawapa lile neno lingine.

"Mtu anasema vinga."

"Vinga ndiyo nini?"

"Funga."

Peninah na Makandi walitazamana. "Kwetu tunasema inga," Peninah alisema. "Ni lile lile. Anasema tufunge." Alisimama, na nikaona amepata jambo la kushika. "Ndiyo maana hatulii. Tumeacha njia wazi. Leo tunaomba, na tunaomba milango ikiwa imefungwa, asije akatuponyoka akaingia wodi ya akina mama. Makandi, wewe ndiye hasa wa kuombewa. Huyo mtoto atazaliwa."

Hivyo ndivyo neno langu moja lilivyofanya kazi. Peninah alifunga mlango wa kwenda londri, akaloweka blanketi akalisukuma chini ya mlango lisibaki hata ufa. Alifunga mlango wa nje akaweka komeo. Alilisukuma tena gunia kwa mpini wa ufagio. Kulikuwa bado mchana, lakini kwa ule ukungu madirisha yalikuwa meupe matupu, kama chumba kimefunikwa kwa shuka letu wenyewe.

Alimpigisha Makandi magoti kwenye taulo mbele ya boila, akaweka mkono kichwani mwake, akaanza. Peninah anajua kuomba. Sauti yake ilipanda, na Mzee akaamka, akavuta pumzi, akakohoa. Hakukohoa mara moja kama kawaida. Alikohoa, akasita, akakohoa tena, ndipo akanguruma, na ngurumo ilikuwa nzito, ina maji ndani yake. Harufu ya dizeli ikaja kidogo. Peninah akazidisha sauti. Akawa anakemea, anaamuru, anapiga mguu sakafuni. Halafu nikasikia maneno yake yanaanza kujirudia, anasema toka, toka, kwa uchovu, kama mtu anayefukuza kuku kwa mara ya kumi.

Kichwa changu kilikuwa kimekazwa mpaka naona vidoa. Niliegemea ukuta. Nyuma ya boila mtu alikuwa amesimama. Sitasema nilimwona uso. Niliona koti lake la kaki, lile la kuuzia mbuzi, na namna alivyoinamisha bega la kushoto.

"Maitu," alisema. "Vinga..."

Makandi alienda chini. Hakuanguka kwa kishindo. Aliinama mbele polepole, akaweka shavu kwenye sakafu, kama mtoto anayesikiliza ardhi. Peninah aliendelea kuweka mkono hewani, pale kichwa kilipokuwa, midomo inacheza.

Nilijua lazima nifanye kitu na nilijua pia kwamba nikisogea ataondoka. Vyote viwili nilivijua kwa pamoja. Nikamtazama Makandi, nikatazama lile koti. Sauti ikarudi mara ya mwisho, na safari hii haikukatika. Ilisukuma neno mpaka mwisho, kwa taabu, kama mtu anayeinua gogo.

"Vingu... ra."

Vinga ni funga. Vingura ni fungua. Maneno hayo yana mwanzo mmoja, ukikohoa katikati hakuna atakayejua ulitaka lipi.

Niliushika ukuta nikatembea nao mpaka kwenye tundu. Nilishika gunia kwa mikono miwili, likakataa, Peninah alikuwa amelisukuma sana, nikalining'inia kwa uzito wangu wote. Lilitoka ghafla, nikaanguka nalo. Upande wake wa ndani ulikuwa mweusi tii. Upepo wa msituni ukaingia kama maji, baridi ile ile tuliyoitukana mwezi mzima, na nilipogeuka nilisikia Mzee anavuta pumzi ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe chochote. Ngurumo ikapanda, ikawa nyembamba, ikatulia.

Nilitoa komeo la mlango wa nje. Kisha nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, lakini muuguzi mmoja alisema baadaye kwamba ilisikika mpaka wodi ya wanaume, na alidhani ni Peninah. Nilimshika Makandi kwapani nikamburuta kwenye nyasi. Nilirudi kumchukua Peninah, naye alikuja kwa magoti, akishika sketi yangu, bado anaomba.

Makandi aliwekewa hewa ya mtungi siku hiyo na usiku wake. Mkunga alimwekea mkono tumboni, akangoja, akangoja, halafu akachukua mkono wa Makandi akauweka pale pale. "Huyu hapa anakupiga teke," alimwambia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikaa chini kwenye korido.

Kiogora alirudi mara moja alipopigiwa simu. Alizima boila, akafungua mlango wake wa mbele, akatoa masizi kwa beleshi, karai baada ya karai. Kamba inayoziba ukingo wa mlango huo ilikuwa imekatika upande mmoja. Mguu wa chimni ulikuwa umejaa masizi. Alipomaliza alikaa juu ya gunia lile lile, mbele yetu, mimi na Peninah.

"Moto mliunyima pumzi," alisema. Hakuwa na hasira. "Ukiukosesha hewa hauzimi mara moja. Unaungua nusu nusu, unatoa masizi, masizi yanaziba chimni, na moshi ukikosa njia ya juu unarudi kwenu. Masizi yanapenya kwenye ufa wa mlango wa Mzee, yanatua kwenye nguo zenu. Nguo bado ina unyevu kidogo, mkono unapita juu yake unakunja, inakuwa alama ya dole."

"Dole la nani?" Peninah aliuliza.

"Lenu."

Peninah aliitazama mikono yake.

"Na ndani ya moshi huo kuna hewa mbaya, haina rangi, haina harufu. Inakaa kwenye damu mahali pa hewa nzuri. Inaleta kichwa, inaleta usingizi. Inaleta hata watu ambao hawapo. Nimewahi kuambiwa na fundi aliyenifunza kwamba alisikia kwaya nzima ndani ya chumba cha boila." Akageuza kofia yake mikononi. "Nilipaswa kuandika juu ya lile tundu kwa rangi nyekundu kabla ya kwenda."

Peninah akavuta pumzi.

"Kwa hivyo siku nzima nilikuwa nakemea gunia langu mwenyewe."

Kiogora alijaribu kutocheka akashindwa. Peninah naye akacheka, akafuta macho kwa aproni, akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kuisha.

Siku hizi meza ya kukunjia iko londri, kwenye baridi, na tunavaa sweta mbili. Tundu limeandikwa kwa rangi nyekundu. Makandi alijifungua msichana, akampa jina la mama mkwe wake, Kananu, na akija kututembelea anamkalisha mezani kati ya foronya. Moto kwenye kioo umerudi kuwa wa manjano inayokaribia nyeupe. Mashuka yanatoka meupe. Nyuma ya boila kuna ndoo, na bomba lililovishwa matambara.

Nilipopata likizo nilishuka Siakago. Niliingia chumba cha baba, nikalala kwenye kitanda chake nikiwa nimegeukia mlango, kama alivyokuwa amelala yeye. Mlango ukiwa wazi, kutoka pale unaona kilima cha Kiang'ombe chote, na njia ya mbuzi ikipanda. Ukifungwa, unaona mbao.

Kiogora aliniuliza siku moja, tukiwa wawili, mimi nilisikia nini. Nikamwambia ni sauti tu. Akasema, "Ni ile hewa, Igoki. Hakukuwa na mtu." Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ni mtu mwema na alikuwa ananitoa woga, na kila alichotueleza kuhusu boila kilikuwa kweli.

Sikumwambia yaliyobaki. Hewa ile ilitaka tulale. Kama ingekuwa ni hewa iliyoniita, ingesema vinga na ingeishia hapo. Na kuna siku, Mzee akiwaka vizuri na kila kitu kikiwa safi, nimesimama mbele ya tundu lile nikitamani gunia lirudi, kwa muda mfupi tu, wa neno moja.

Lakini silirudishi. Upepo unapita usoni mwangu, na nyanya yangu anisamehe, ninaitika.

Ii, baba. Nimefungua.